Ngata ya Babu

Juzi mjukuu wa mnyapara, jirani yetu wa zamani, alikuja kunitembelea. Alinikuta uani, mahali ambapo ukinitafuta miaka yote hunikosi. Safari yangu ndefu ni ya jikoni hadi chooni. Akaniambia kwamba kwetu Rutamba wanataka kumwadhimisha babu yake, shujaa wa vita vya Mjerumani, na kwa kuwa tuliomwona kwa macho tumebaki wachache, niende nikaseme neno. Nikamwitikia kwa upole mpaka nikajishangaa. Alipopotea tu kwenye kona, nikainama chini ya kitanda nikaitoa ngata.

Ni ule mviringo wa majani makavu ya mgomba unaokaa kichwani chini ya mzigo. Hii ilikuwa ya babu yangu. Mwingereza aliposhuka Lindi kumfukuza Mjerumani, babu na kaka yake walikamatwa wakawe wapagazi wa masanduku ya risasi, na mnyapara wao alikuwa jirani yetu huyo. Siku moja kaka mtu akaanguka kwa homa. Mnyapara akachukua sanduku la mgonjwa, akalipandisha juu ya lile la babu, safari ikaendelea. Kaka alibaki porini. Shingo ya babu ikabaki imelalia kushoto. Sisi watoto tulidhani anasikiliza ardhi.

Nilikuwa binti wa kubangua korosho, vidole vyeusi kwa utomvu, Mwingereza angali anatawala, tuliposikia Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, anakuja kuwatunuku wazee wa vita. Nyumba ilinukia mkaa wa pasi. Bibi aliifua kanzu ya babu mara tatu, akapika ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Babu hakula, asije akaichafua kanzu.

Kumbe orodha ya majina aliitoa mnyapara. Nishani ikabandikwa kifuani kwake. Jina la babu halikusomwa. Bibi akauliza kwa sauti, na la babu je? Mnyapara akajibu bila hata kugeuka, "Wale walikuwa wapagazi tu, mama. Shujaa hubeba bunduki, habebi furushi."

Babu akainamia mikono ya kanzu yake, akaikunja polepole kama mtu anayejiandaa kwenda shamba. Mimi, kwa ujasiri wangu, nikajificha nyuma ya mwalimu.

Lakini mnyapara alikuwa amesahau jambo moja: kabila lake na letu ni watani. Mtani akikufanyia lolote hadharani hukasiriki. Ukikasirika, umeaibisha ukoo mzima. Bibi akaenda nyumbani, akarudi na ngata hii, na nyuma yake wanawake watatu wamebeba kinu chetu cha mninga.

"Mtani wangu! Simama, safari imewadia!" Akamvika ngata juu ya tarabushi, wakamtwika kinu. "Shujaa habebi, eti? Haya, hatua! Na usianguke, aangukaye kwako huachwa porini!"

Uwanja ukaangua kicheko. Bwana Shauri alidhani ni ngoma ya pongezi, akapiga makofi. Mnyapara akazunguka, nishani ikimgonga kifuani, jasho likimchirizika, meno yote nje kwa kicheko cha lazima. Kila alipofika mbele ya babu, bibi alimsimamisha. "Mwamkie mwenye mzigo wake!"

"Shikamoo."

"Marahaba."

Mzunguko wa pili vilevile. Wa tatu babu hakuitikia. Alimtazama tu, akamwacha amesimama na kinu kichwani. Mpaka leo sijaonja asali tamu kama ile.

Kinu kililiwa na mchwa. Siku hizi tunapeleka mashineni, na utani umebaki misibani, nako watu wananuna. Babu tulimzika na shingo yake vilevile, kushoto. Kaka yake hana hata kaburi la kupalilia. Wako wanaoniambia nisamehe. Nimejaribu, naishia kupiga miayo.

Nitakwenda Rutamba, mimi nisiyevuka kizingiti. Majani ya ngata yamekauka, ukiyashika yanakatika, kwa hiyo tangu jana nimeyalowesha. Yule mjukuu ana kichwa kizuri, kipana.