Ijumaa Yako, Jumapili Yangu

Nilianza kukaanga chipsi Lodwar, mwaka niliomaliza kidato cha nne, katika mkahawa mdogo wa mabati karibu na stendi. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara kutoka Kitale aliyekuja Turkana kuuza vitunguu, akaona kwamba watu wa ofisini na madereva wa malori wanataka chakula kisichowachelewesha. Tulimwita Mzee ingawa hakuwa na mvi hata moja. Kazi alinifundisha yeye mwenyewe. Viazi vikiingia kwenye mafuta vinapiga kelele, na vikianza kunyamaza ndipo unavitoa.

"Usitumie macho," aliniambia. "Macho yatakudanganya. Sikiliza."

Mwaka wa pili alifungua mkahawa mwingine Kakuma, kwenye barabara inayoelekea kambi ya wakimbizi, akatuuliza nani atakwenda. Wenzangu walitazama chini. Mimi nilikubali, na sababu yangu haikuwa ya maana sana. Lodwar nilikuwa na mashangazi na binamu, na majirani wote tuliotoka nao kijijini Nakalale, na kila aliyepita kaunta alitarajia sahani ya bure. Kakuma hakuna aliyenijua. Nilipanda gari na begi moja na aproni yangu, nikijiambia nitakaa miezi mitatu. Nilikaa karibu miaka minne.

Zamu zilikuwa mbili. Ya asubuhi ilianza saa kumi na mbili kwa kumenya viazi na kumalizika saa nane. Ya mchana ilianzia hapo hadi jioni, wateja wakiisha. Kila mtu alikuwa na ofu moja kwa wiki, na Mzee ndiye aliyeichagua. Yangu ilikuwa Jumatano. Jumanne ilikuwa ya msichana wa kaunta, Msomali aliyeishi kambini na mama yake na kaka zake wawili tangu akiwa mdogo. Alikuwa mrefu, mwepesi wa miguu na wa maneno, na aliweza kuitikia wateja kwa Kisomali, Kiarabu cha Juba na Kiswahili cha Wakongomani bila kuinua kichwa kutoka kwenye kachumbari aliyokuwa akikata.

Wiki yangu ya kwanza hatukuongea ila kazi. Yeye aliita oda, mimi nikakaanga. Wiki ya pili, tukiwa tumekaa nyuma na ndoo ya viazi katikati yetu, aliniuliza, "Abaayo, wewe unapenda hii Jumatano yako?"

Abaayo kwa lugha yao ni dada. Ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo.

"Jumatano niifanyie nini?" nikamwambia. "Nafua nguo, nalala. Mimi nataka Jumapili. Naimba kwaya."

"Mimi nataka Ijumaa. Saa sita niende kuswali na hooyo, mamangu, halafu tule pamoja nyumbani. Tangu nianze hapa sijakula na wao Ijumaa."

"Umemwambia Mzee?"

"Nimemwambia. Anasema Ijumaa na Jumapili ndizo siku za wateja."

Tulimenya viazi vitatu vinne. Kisha akaweka kisu chini. "Ijumaa yangu ushike wewe. Jumapili yako nishike mimi. Masaa machache tu. Yeye atajuaje?"

Ndivyo tulivyoanza. Ijumaa, muadhini alipoita, alivua aproni akanikabidhi kaunta, nami nikawa nakaanga kwa mkono mmoja na kufunga chipsi kwa mwingine. Jumapili asubuhi nilikwenda kanisani nikiwa na harufu ya mafuta kwenye nywele hata baada ya kuoga, na yeye akashika karai langu. Mara ya kwanza aliunguza kuku sita. Mara ya pili wawili. Baadaye akawa anakaanga vizuri kuliko mimi, na alijua hivyo, na hakunificha kwamba anajua.

Mzee aligundua mwezi wa pili wa mpango huo. Alikuwa akija kutoka Lodwar bila kutuarifu, na Jumapili hiyo alimkuta mwenzangu peke yake jikoni. Niliporudi kutoka kanisani alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Leo zamu ni ya nani?"

"Ni yetu," akajibu mwenzangu kutoka ndani, kabla sijafungua mdomo.

Mzee alimtazama, akanitazama mimi, akaonja chipsi moja. Alitafuna polepole. "Chumvi kidogo," akasema, na mambo yakaishia hapo.

Mwezi wa Ramadhani ndio ninaoukumbuka zaidi. Joto la jikoni mnalijua wenyewe, na yeye alisimama humo mchana kutwa bila tone la maji, akiuliza wateja, "Na pilipili?" Siku ya kwanza nilikwenda kujificha nyuma ya mapipa ya maji ili ninywe chai. Alinifuata akanikuta nimechuchumaa na kikombe.

"Unafanya nini hapo kama mwizi?"

"Sitaki kula mbele yako."

Alicheka hadi akashika ukuta. "Kula, abaayo! Njaa ni yangu, si yako. Mungu anajua kututofautisha."

Jua lilipozama nilichukua kaunta, yeye akakaa kwenye kreti la soda na tende tatu na bilauri ya maji. Tende moja aliniwekea mimi kila siku, juu ya kitambaa safi. Wateja wengi wakati huo nao walikuwa wamekwenda kufuturu, barabara ilinyamaza, na kwa robo saa hivi hakuna aliyetutaka kitu. Nimekuwa na likizo ndefu tangu wakati ule, lakini sikumbuki iliyonituliza kama ile robo saa.

Ovataimu tulikuwa nayo ya kutosha. Zilikuwepo semina, mahafali, mikutano ya walimu, na oda ya sahani mia ilikuja leo kwa ajili ya kesho. Mzee alilipa ovataimu kwa kuku mzima wa kwenda naye nyumbani, na mwanzoni tulifurahi. Ukila kuku wiki nzima unaanza kumchukia. Mwenzangu ndiye aliyemkabili.

"Mzee, sisi tumechoka na kuku. Tupe masaa. Tukizidisha leo, kesho tuingie saa nne."

"Mnataka kulala?"

"Ndiyo, Mzee. Tunataka kulala."

Alikubali, akinung'unika kwamba watu wa siku hizi wanapenda usingizi kuliko nyama.

Mvua kubwa ndizo zilizotupa ofu ambayo hakuna aliyeipanga. Viazi vyetu vilitoka Kitale kwa lori, na lagga, ile mito ya msimu, zikifurika huko Kainuk au kwingine njiani, lori lilikaa siku mbili, tatu. Bila viazi hakuna kazi. Mara moja tulikaa siku nne. Siku ya pili mwenzangu alinipeleka kwao kambini. Mama yake alitupikia anjera, zile chapati laini za Kisomali, na chai ya maziwa, akanishika mkono akauangalia, makovu ya mafuta kutoka kidole hadi kiwiko, akasema jambo kwa Kisomali.

"Anasema nini?"

"Anasema na mimi ninayo hayo hayo. Anasema tumekuwa watoto wa moto mmoja."

Siku iliyofuata nilimpeleka mimi kwa mama mmoja Mturkana niliyepanga kwake, aliyekuwa akisuka vikapu vya mkoma. Nilimfundisha njiani kusema "ejok", salamu ya Kiturkana. Alifika akasalimia kwa sauti kubwa, yule mama akadhani anajua Kiturkana chote, akaanza kumweleza habari za mbuzi wake mmoja mmoja. Mwenzangu aliitikia "ejok" mahali pote penye pumzi. Walielewana nusu saa nzima.

Habari za safari yao ya kuhamishiwa ng'ambo zilikuja mwaka wangu wa nne. Walikuwa wamesubiri miaka mingi sana, mahojiano juu ya mahojiano, hadi nilikuwa nimesahau kwamba wanasubiri. Alikuja asubuhi moja akaanza kumenya viazi kama kawaida, kisha akasema bila kunitazama, "Tumepata. Jumamosi ya wiki ijayo."

Nilimkumbatia, mikono yetu imejaa maganda. Nilifurahi kwa kweli. Na chini ya ile furaha kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukitaka, nikainama na kuendelea kumenya.

Jumamosi hiyo tulikuwa na oda ya semina ya walimu, sahani mia moja na ishirini, saa sita kamili. Nilimwomba Mzee, aliyekuwa amekuja kutoka Lodwar kuisimamia, ruhusa ya asubuhi.

"Jumamosi? Haiwezekani. Kaunta sina mtu, jikoni nisiwe na mtu?"

"Masaa mawili tu, Mzee."

"Siku nyingine yoyote. Nakupa hata siku mbili."

"Siku nyingine yoyote hatakuwepo."

Alitikisa kichwa akarudi kwenye simu yake. Alikuwa mtu mwema, lakini sahani mia moja na ishirini zilikuwa zimemkaa machoni.

Asubuhi ile nilimenya, nikakata, nikaweka karai motoni. Saa tatu nilisikia wateja wakisema mabasi ya kwenda kiwanja cha ndege yamepanga mstari. Nilipunguza moto. Nilivua aproni, nikaining'iniza, nikapita mbele ya Mzee. Nje nilipanda bodaboda.

Nilimwona kwenye umati karibu na lango la kambi, na baibui mpya na mfuko mweupe wa karatasi zao shingoni. Aliponiona alishika mdomo.

"Karai nani anashika?"

"Hakuna."

"Wewe mwendawazimu! Leo si kuna oda ya walimu?"

"Iko."

Alianza kucheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio. Mama yake alinishika kichwa kwa mikono miwili akaniombea dua. Majina yalikuwa yanaitwa. Mwenzangu alipofika kwenye ngazi ya basi aligeuka akapaza sauti, "Mwambie Mzee, atakayeshika kaunta amuulize kwanza anataka siku gani!"

Basi liliondoka na vumbi lake. Nilisimama na watu wengine waliobaki, wengi wao hatukujuana, tukiangalia upande ule ule hata baada ya kutokuwa na kitu cha kuangalia.

Niliporudi nilikuwa tayari kufukuzwa. Mzee alikuwa jikoni, shati limefunguka hadi tumboni, aproni yangu imemkaa kama kitambaa cha mtoto, na mkono wake wa kulia umeungua mahali pawili. Alikuwa ameinamisha sikio kuelekea karai. Hakugeuka.

"Shika kuku," akasema.

Nilishika kuku. Tulifanya kazi bega kwa bega hadi sahani ya mwisho, tukachelewa dakika ishirini, na walimu walikula wakashukuru. Baadaye alikaa kwenye kreti akapulizia mkono wake.

"Amepanda?"

"Amepanda."

"Alisema chochote?"

Nilimwambia maneno ya kwenye ngazi. "Ningefunga mkahawa asubuhi," akasema. "Walimu wangekula saa nane, wangekufa? Nilikuwa mjinga." Halafu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na wewe unataka siku gani?"

"Jumapili, Mzee."

"Basi chukua Jumapili."

Aliyekuja baadaye kushika kaunta alikuwa mama wa Kikongo, mpole, mwenye bidii. Mzee alimuuliza siku anayoitaka. Alichagua Alhamisi na hatukujua kwa nini.

Sasa niko Lodwar tena, kwenye mkahawa uliopanuliwa, na mimi ndiye ninayepanga zamu za watu saba. Nina feni, nina Jumapili zangu zote, na kwaya imenipa uongozi wa sauti ya kwanza. Nikikaa mahali penye baridi jioni bado mawazo yananirudisha Kakuma, kwenye ndoo ya viazi na vile visu viwili.

Yeye naye anakaanga kuku huko aliko, nchi ya baridi, kwenye mkahawa mkubwa wa barabarani. Hunipigia akiwa mapumziko. Juzi alinieleza kuna mashine mlangoni, unaweka kidole ukiingia na ukitoka, na ukizidisha hata dakika tano inaandika. Ovataimu inalipwa vizuri. Ijumaa anapewa akiomba mapema kwenye kompyuta.

"Basi uko sawa," nikamwambia.

"Niko sawa, alhamdulillahi. Ila abaayo, huku mtu akitaka kutoka haulizi mwenzake. Anauliza kompyuta. Mimi hata jina la yule anayesimama kando yangu nililijua baada ya miezi mitatu."

"Muulize anapenda siku gani."

Alicheka kile kicheko chake cha kushika ukuta. Nyuma yake nilisikia mtu akimwita kwa Kiingereza, mlango ukifunguka, mafuta yakilia. Mapumziko yake yalikuwa yamekwisha. Aliniambia nisalimie Mzee, nikasema nitamsalimia, akaenda kuweka kidole chake mlangoni.