Kitambaa Chekundu cha Mwalimu Kariuki

Sisi tuliokulia pande za Kieni, kati ya mji wa Nyeri na mlima, hatukuamshwa na saa. Tuliamshwa na Cucu akivuta komeo la mlango aende kuangalia mlima. Cucu ni nyanya yangu, mama mzaa baba, na kabla hajanawa uso alikuwa akisimama uani, leso begani, akatazama upande wa Kirinyaga, kisha akatangaza siku itakavyokuwa. Mlima ukiwa umejifunika mawingu, tulikunywa uji tukaenda zetu shule. Ukiwa wazi mpaka mawe yanaonekana, alituita mimi na mdogo wangu Wangechi akatuambia maneno yale yale: "Mlima ukivua kofia, nyinyi vaeni yenu." Kofia yenyewe ilikuwa majani mapana ya maigoya, aliyoyapanga na kuyafunga kwa uzi wa mkonge. Tulichekwa njia nzima, nasi tulikuwa tukiyatupa kichakani kabla ya kufika kwenye lango la shule.

Leo mjukuu wangu akihisi jasho puani anatoa simu. "Cucu, manze leo ni moto! Simu inasema hivyo." Kisha anarudi kuketi juani palepale, amevaa sweta zito lenye kofia kwa sababu ati ndiyo fashoni. Nikimwambia avue, ananiangalia kama mtu wa zamani za mawe. Mimi hucheka, lakini kicheko chenyewe hakifiki mbali. Mwezi wa pili ukifika na jua likianza kuuma, mimi siwezi kutulia. Nazunguka nyumba, nafungua madirisha, nayafunga, natoka nje kuangalia mlima, narudi. Watoto wangu wanasema ni uzee. Si uzee.

Mwaka ninaouzungumzia, nilipokuwa darasa la sita, mlima ulivua kofia mwezi wa kwanza na haukuivaa tena. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na wazazi wetu walikuwa na imani kwamba kila kitu kitanyooka, hata hali ya hewa. Theluji ilipungua mpaka Cucu akasema mlima umebaki na meno mawili. Vumbi la barabara lilikuwa laini kama unga, na adhuhuri lilichoma nyayo hata ukatembea kwa kurukaruka, ukitafuta nyasi za pembeni. Ng'ombe walilia usiku na mchana. Mama alikuwa akisafiri mpaka soko la Kagio, kule kwenye mashamba ya mifereji, kutafuta maharagwe, akirudi midomo imepasuka. Watu walikuwa na hasira za karibu. Majirani wawili waliacha kusalimiana kwa sababu ya mtungi wa maji. Hakuna aliyekaa mahali pamoja. Ukikaa unahisi joto, ukisimama unahisi joto, basi kila mtu alikuwa akienda na kurudi bila kujua anatafuta nini.

Jioni wanaume walikusanyika dukani kwa Mzee Omari kusikiliza utabiri wa hali ya hewa. Mzee Omari alikuwa Mwislamu wa Majengo, Nyeri mjini, aliyefungua duka kwetu sokoni, na ndiye aliyekuwa na redio kubwa. Redio ilikuwa ikisema nyanda za juu zitapata jua na manyunyu hapa na pale. Mzee Omari alitikisa kichwa. "Manyunyu hayo, jamani, yameteremkia kwa huyo msomaji. Huku kwetu hata jasho linakauka." Watu walicheka, lakini hawakuondoka. Walingoja kesho waambiwe tena. Nje ya duka alikuwa ameweka pipa la maji lenye kikombe cha bati kilichofungwa kwa mnyororo, mpita njia yeyote anywe bure, na alikuwa akikaripia mtoto yeyote aliyepita bila kunywa.

Shuleni kwetu hatukutegemea redio wala mlima. Tulikuwa na Mwalimu Kariuki. Alikuwa kijana mwembamba wa kutoka Kiriaini, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikawa na ukingo wa kukata mkate. Alitengeneza kwa mikono yake kisanduku cheupe chenye vibao vya kupitisha upepo, akakisimamisha kwa miguu minne katikati ya nyasi, na ndani yake akatundika themomita. Pembeni mwa themomita alichora alama kwa rangi nyekundu. Sheria yake ilikuwa moja: saa tano na nusu kila siku, mkuu wa hali ya hewa afungue kisanduku, asome, aandike kwenye daftari. Zebaki ikiwa imepita alama, apandishe kitambaa chekundu kwenye mlingoti mdogo kando ya ofisi. Kikipepea kitambaa, hakuna mtoto anayetoka uwanjani mpaka jua lipoe. Masomo na michezo yote huhamia chini ya mikima, ile miti ya kivuli kando ya uwanja, na kila darasa linakunywa maji kwa zamu. Hata Hedmasta alikuwa chini ya kitambaa kile, ingawa hakukipenda.

Mkuu wa hali ya hewa nilikuwa mimi, Nyawira.

Msinione mdogo. Cheo kile kilinipa ufunguo wa kisanduku, nao niliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Wanafunzi wa darasa la saba walinipisha njia. Cucu alicheka aliposikia. "Kwa hiyo serikali imekupa jua ulichunge?" Kila jioni tulishindana, mlima wake na kisanduku changu, na mara nyingi vilikubaliana.

Basi ikaja habari kwamba mgeni mkubwa kutoka Nairobi atafika Nyeri mjini, na shule yetu imeteuliwa kuimba. Mimi ndiye niliyekuwa naanzisha wimbo. Waimbaji wangeazimwa raba nyeupe. Nataka wasomaji wa rika langu wakumbuke raba nyeupe ilikuwa nini kwa mtoto ambaye hajawahi kuvaa kiatu. Niliziota. Kila usiku kabla ya kulala nilikuwa nikisugua miguu yangu kwa jiwe ili isije ikazichafua.

Mazoezi yalipangwa saa sita, kwa kuwa asubuhi darasa la saba lilikuwa na mitihani ya majaribio na Hedmasta hakutaka kelele. Siku ya kwanza zebaki ilipita alama, nikapandisha kitambaa. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu vivyo hivyo. Tuliimba chini ya mikima, tumebanana, bila kupiga hatua zile za gwaride zilizotakiwa. Hedmasta alitoka ofisini amekunja uso.

"Nyinyi watoto mumekuwa mayai? Jua ni jua tu! Mimi nirichunga ng'ombe kwa jua kari kuriko hii, na niko hapa. Siku moja zaidi ya hiyo kitambaa, nafasi tunapea ile shule ya ng'ambo."

Mwalimu Kariuki alisimama mbele yake kwa adabu. "Bwana Mkubwa, kitambaa hakina ubishi. Kikipanda, watoto watakaa kivulini."

Siku ya nne, saa tano na nusu, nilikwenda kwenye kisanduku na ufunguo mkononi. Nilisimama. Vumbi lilikuwa linazunguka uwanjani, na chuma cha kufuli kilinichoma vidole. Sikufungua. Niliandika daftarini nambari iliyo chini kidogo ya alama, nikarudi darasani. Kitambaa kilibaki kimekunjwa. Siku ya tano nikaandika nambari ileile. Siku ya sita ileile. Tulipiga gwaride uwanjani mpaka koo zikakauka, na Hedmasta akatabasamu, nami nikajiambia kwamba hakuna lililotokea, kwa hiyo hakuna litakalotokea.

Siku ya saba niliandika ileile tena, na wadogo wa darasa la kwanza na la pili waliitwa wasimame mistari miwili wakipunga matawi, wawe kama umati wa kumpokea mgeni. Wangechi alikuwa miongoni mwao. Asubuhi ile Cucu alimvika majani yake ya maigoya, na mimi, dada mkubwa, ndiye niliyeyavua njiani nikayatupa, nisichekwe siku ya mazoezi makubwa.

Nilikuwa katikati ya ubeti wa pili nilipoona tawi lake likishuka. Alisimama kidogo, akatazama mbele kama mtu anayesahau jambo, kisha akaanguka. Hakulia. Nilipomfikia, ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto kama sufuria, na macho yake hayakunijua. Nilimwita jina. Nilimwita tena.

Mwalimu Kariuki alimbeba akakimbia naye mpaka chini ya mikima. Alituma watu wakaleta maji yote ya ofisi, akamlowesha shati, akampepea kwa kitabu, akaamuru mtu mwingine akimbie kwa Mzee Omari. Mzee Omari alikuja na gari lake la bidhaa, mapipa mawili ya maji nyuma, akiwa amefunga duka wateja wakiwa ndani. Walimpeleka hospitali Nyeri wakimmwagia maji njia yote. Mimi niliachwa uwanjani. Sikuweza kukaa, sikuweza kusimama. Nilizunguka kile kisanduku cheupe mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema.

Jioni Mwalimu alirudi, shati lake limekauka na kukunjamana. Alisema Wangechi amefungua macho na ameomba uji. Nilianza kulia kwa nguvu. Aliningoja nimalize. Kisha akanyoosha mkono, nikampa ufunguo, akachukua daftari na kulifungua juu ya goti lake. Siku nne, nambari moja. Alizifuata kwa kidole taratibu, moja baada ya nyingine.

"Nyawira," alisema, "jua halinakili."

Nilingoja anipige, nilingoja aniite mwongo. Alifunga daftari, akalitia mfukoni mwa koti.

Kesho yake wazazi waliitwa. Baba alikuwepo, na Cucu, na Hedmasta aliyekuwa akipangusa kipara kwa leso. Hedmasta aliuliza ni nani aliyesoma themomita. Nilifungua mdomo. Mwalimu Kariuki alikuwa ameshasimama. "Ni mimi," alisema. "Siku hizo nilisoma mwenyewe, na nilikosea." Baba alimtazama kwa chuki ambayo sijawahi kuisahau. Daftari halikuonekana, na hakuna aliyeliuliza. Na mimi nilifunga mdomo wangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, umri wa kutosha kujua kuzungumza.

Kabla ya mwisho wa muhula alikuwa amehamishwa, mbali, kule ambako walimu walipelekwa wakikosea. Kwaya ilienda Nyeri bila mimi. Nilisema tumbo linauma. Waliorudi walisimulia kwamba mgeni alichelewa, akapunga mkono kutoka garini, akaenda zake. Raba zilirudishwa dukani. Mvua ilikuja mwezi wa nne, siku ambayo redio haikuitaja, na Cucu alicheza uani akiwa amelowa. Kisanduku cheupe kikabaki nyasini bila mwalimu, mpaka kuku wa Hedmasta wakataga ndani yake.

Enzi zile, basi, ndivyo zilivyokuwa. Mtu mmoja alitundika kitambaa, na watoto mia wakakaa kivulini kwa sababu waliamini mkono uliokitundika. Siku hizi kila mtu ana themomita mfukoni. Simu yangu imeniletea onyo tangu Jumatatu: joto kali, kunywa maji, wakinge watoto na wazee. Nimeona watu wakilisoma sokoni, wakasema "Aki, hii jua," wakaendelea kutembea juani. Juzi shule ya mjukuu wangu ilifanya michezo saa saba mchana. Nilikwenda na leso yangu nyekundu nikaifunga kwenye ua wa uwanja. Mwalimu kijana, mpole tu, alinijia akaniuliza kama ninauza. Nilimwambia ni ya kukataza jua. Alicheka, akanitafutia kiti.

Nilikaa kwenye kile kiti mpaka mtoto wa mwisho alipomaliza kukimbia. Niliwahesabu wote wakitoka.

Cucu na Baba walikufa wakiamini ni Mwalimu aliyekosea. Yeye sikumtafuta, kila mwaka nilisema mwaka ujao, mpaka nikasikia amezikwa kwao Kiriaini. Wangechi yuko, ana maduka mawili Karatina, na jua likikaza hunipigia simu yeye kwanza: "Dada, umekunywa maji?" Hajui kwa nini huwa nanyamaza kabla ya kumjibu. Lakini Wangechi husoma kila ninachoandika, na miwani yake mpya anasema inaona vizuri. Basi asome na hili. Mwalimu hakukosea, mdogo wangu. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.