Mkataba Niliousaini kwa Heshima

Mwanangu, Ijumaa ile naikumbuka vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mshambuliaji wa timu yetu ya Chiwata, na mgeni kutoka klabu kubwa ya mjini alikuja nyumbani na mkataba. Aliswali na baba, akala ugali wa muhogo wa mama, akanisifu mpaka nikaona haya. Kisha akatoa karatasi na kalamu.

Baba alisema tumsubiri mjomba atoke Makote, maana kwetu jambo la kijana haliamuliwi bila mjomba wake. Mgeni akatazama saa. Akasema kwa upole kwamba gari linaondoka alasiri, na yupo kijana wa Newala anayeomba nafasi hiyohiyo. Mjomba alipofika, vumbi la pikipiki usoni, alitaka jambo moja tu: karatasi ikasomwe kwanza na wakili, Masasi.

“Nimekula kwenu, mzee,” mgeni akasema. “Leo mnanipeleka kwa wakili kama mwizi wa korosho?”

Niliona aibu, na gari lile niliogopa litaniacha. Nikasaini mbele ya mjomba bila kusoma. Akavaa kofia yake, akaondoka bila kunitazama.

Msimu mzima nilikaa benchi. Timu ya Newala iliponitaka, klabu ikakataa kuniachia. Ndipo nikaenda kwa wakili yule wa Masasi, mama mmoja mtaratibu. Alisoma kurasa zote, akanionyesha: mkataba ni wa miaka mitano, na wao peke yao ndio wenye haki ya kuuvunja. Akauliza kwa nini sikusoma. Nikasema mgeni alikuwa mtu mzima, nilishamwamkia.

“Shikamoo ulimpa yeye,” akasema. “Karatasi haiamkiwi, baba. Inasomwa. Ungeniletea mapema, tungeomba mistari miwili ibadilishwe. Sasa nitawaandikia barua, tusubiri.”

Waliniachia mwaka wa nne, goti likiwa limeshaumia mazoezini. Alhamdulillah, Mungu alinipa shamba na watoto. Lakini mpira sikuupata tena.

Dini imetuagiza tuandikiane mapatano, nami sikujua kwamba anayeandikiana hana budi kuelewa. Basi wewe unayecheza au kuimba, mgeni wa mkataba mkaribishe, mwamkie, mlishe. Kisha omba siku chache, uupeleke kwa wakili kabla hujasaini. Kama huna uwezo, ulizia wanaotoa msaada wa kisheria bure. Ujue unatokaje humo kabla hujaingia, na nakala ibaki kwako. Asiyeweza kukusubiri mwache aende, hata moyo ukiuma.

Mwenyezi Mungu ailinde miguu yako na sauti yako, akupe ujasiri wa kumwambia mkubwa kwa adabu, “Naomba nisome kwanza.” Amin.