Alama ya Bibi Kwenye Paji Langu

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi pale chuoni, katika ukumbi wa Chimwaga, mwanangu, nimekaa mbele ya kioo na penseli ya wanja mkononi, nikijichora duara kwenye paji la uso. (Nakuita mwanangu ingawa mvi zangu bado ni chache, shangazi naye ni mzazi.) Nilikuwa mwaka wa mwisho, nasoma sanaa za maonyesho, na jioni ile ningecheza peke yangu jukwaani. Duara nililochora lilikuwa la bibi yangu. Kwake lilikuwa kovu, alilochanjwa utotoni kama wazee wengi wa Kigogo.

Wakati ule nilihoji kila kitu: mahubiri, wahadhiri, hata mlenda. Ila kovu lile sikulihoji. Nilishajiamulia maana yake.

Bibi alifika mapema kutoka Nkuhungu, akanikuta chumba cha kuvalia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hicho nini usoni?"

"Alama yako. Inaeleza urembo wetu, fahari ya Wagogo."

"Ilikuambia lini?" Akacheka mpaka akashika mlango. "Mimi nimeishi nayo tangu sijang'oka meno ya utoto, haijaniambia hayo. Dada yangu ndiye aliyechanjwa kwa urembo, akaringa nayo mpaka akaolewa. Mimi macho yaliniuma, wakasema dawa ni kuchanja. Sasa wewe unacheza ya nani?"

Nikabisha, ndiyo kawaida yangu. "Lakini bibi, msanii ana uhuru."

"Unao. Uso ni wako. Ila ukipanda pale ukasema hiyo ni yangu, mimi natoka. Utanikuta stendi."

Angetoka kweli, namjua. Na katika ukumbi mzima, yeye ndiye niliyetaka anione. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nataka kuwasimulia watu kunguni wa kitanda cha bibi. Nikachukua ncha ya kanga yake, nikafuta wanja. Ndipo nikamuuliza, kwa mara ya kwanza maishani: ilikuwaje?

Alikaa kitini, akanivuta chini, akakibana kichwa changu katikati ya magoti yake, kiganja juu ya macho yangu. Magoti yakaanza kutetemeka.

"Mama alitetemeka hivi," akasema.

Jukwaani sikueleza chochote. Nilicheza magoti yale: mama anambana mtoto, huku naye anatetemeka. Bibi hakutoka. Tulipokutana nje alinishika kidevu.

"Umenipata. Ila mimi nililia zaidi."

Mpaka leo nahoji kama ilikuwa haki kumchanja mtoto. Bibi naye alibishana nami juu ya hilo hadi mwisho wake, na hakuna aliyeshinda.

Sasa unaniambia nawe unataka kucheza, mwanangu, tena ucheze maisha ya wazee. Cheza. Mwili wako useme lolote unalofikiri, na asikuzuie mtu. Lakini ukitaka kusema yaliyo katika mwili wa mwingine, mwendee kwanza, umuulize, na asipokuwa na maneno, mpe kichwa chako akuonyeshe. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kudhani umeshaambiwa.

Mungu akupe viungo vyepesi na masikio mazito kwa sifa. Na kila utakaposhuka jukwaani, asikose mtu mmoja wa kukushika kidevu akakwambia: umenipata.