Naomba Unipokee Kwenye Uchafu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima, tena vya kubana, na Ofisa Madai Mkuu wa tawi letu la Mwanza akanipandisha mlima wa mawe kwenda kukagua jiko lililoungua. Hakunionea huruma hata kidogo. Alikuwa mzee mfupi, Msukuma wa Magu, na daftari lake alilifunga kwa mpira wa baiskeli. Tulipofika juu, mimi nahema, akaniambia, "Binti, bima ya nyumba ni ahadi. Mteja analipa ada kila mwaka, na sisi tunamwahidi kwamba janga likimpata tutamrudisha pale alipokuwa, si juu zaidi. Lakini hatulipi tusichokiona. Neno lako la kwanza kwa mdai liwe: usiguse kitu."

"Na shikamoo je, mzee?" nikamuuliza.

"Shikamoo kwanza. Halafu usiguse kitu."

Nilimpenda mzee yule, ingawa alikuwa mkali kama pilipili. Alinifundisha kujaza fomu ya madai na kupima doa la maji ukutani kwa kamba yenye mafundo. Alinifundisha pia kutofautisha maji ya mvua na maji ya tangi, kwa sababu hati zetu zilikinga bomba kupasuka na tangi kufurika, ila mafuriko ya mvua yalikuwa na kifungu chake na ada yake. Maji ya mvua huingia na tope lake chini. Maji ya tangi hushuka kutoka juu na kuacha doa la rangi ya chai kwenye dari. Baadaye nikahamishiwa Musoma, kisha Bukoba, na niliporudi Mwanza mzee alikuwa amestaafu, kiti chake nimepewa mimi.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko linafunguliwa. Sisi wa shirika la umma tuliozoea kuwa peke yetu tukaanza kusikia kampuni binafsi zinakuja, na wenzetu wengine wakapunguzwa. Madai ya uongo nayo yalizidi, maana kila mtu alitaka kufungua biashara na mtaji hana. Makao makuu wakatuletea Meneja mpya wa Tawi kutoka Dar es Salaam, kijana wa suti, mpole wa sauti, lakini ripoti isiyo na ushahidi aliirudisha hata kama umeiandika kwa wino wa dhahabu.

Basi Jumatatu moja akaingia ofisini Mwalimu Perpetua wa Pasiansi. Alikuwa mjane, mwalimu mstaafu, anayeishi kwa kushona sare za kwaya. Alikuwa amevuka ziwa kwa kivuko kwenda Kamanga kwenye msiba wa shemeji yake, akakaa siku tatu. Huku nyuma maji ya mtaa, yaliyokuwa yamekatika, yakarudi kwa nguvu, na boya la tangi lake la darini, lile linalofunga maji tangi likijaa, likakwama. Maji yakafurika juu ya dari mpaka dari ikaanguka. Ikaangukia makochi, godoro, na majora ya kitambaa cheupe ambacho kwaya ilikuwa imeshamlipa akishone.

"Bila fidia nitauza cherehani niwanunulie kingine," akaniambia. "Na nikiuza cherehani, mwanangu, nitakula nini?"

Hapa ndipo nilipokosea, na nawaambieni wazi ninyi mnaoanza kazi. Nilipaswa kumwambia usiguse kitu. Ulimi ukagoma. Mama wa umri wa mama yangu, mwalimu, ametoka msibani, nimwambie akae kwenye uchafu ananisubiri? Nikasema tu, "Pole sana, Mwalimu. Nitakuja Alhamisi."

"Karibu sana, mwanangu!" akajibu, uso umemnawiri. Mjinga mimi, sikushtuka.

Alhamisi nikafika Pasiansi. Mama yangu! Nyumba inang'aa. Kuta zimepakwa chokaa, sakafu imesuguliwa, na mahali pa dari zimetandazwa kanga zilizoungwa kwa uzi. Makochi ya kuazima yamevalishwa vitambaa vya kufuma. Mezani sato mzima wa kukaanga, na wali. Majirani walikuwa wamefanya kazi siku mbili mfululizo kwa ajili yangu.

"Mwalimu, vile vilivyoharibika viko wapi?"

"Nimevigawa. Ningekukaribishaje kwenye uozo ule? Nawa mikono, ule kwanza."

Nikala. Ningefanyaje? Sato alikuwa mtamu na roho inaniuma.

Meneja alisoma ripoti yangu mara mbili. "Mama, umeandika hapa kwamba umekuta nyumba safi, ukala samaki. Sasa nilipe nini? Samaki?"

"Kosa ni langu, Bwana Meneja, si lake."

"Kosa lako halina kifungu kwenye hati. Kesho nivione hivyo vitu kwa macho yangu. La sivyo naandika dai limekataliwa."

Jioni ile ile nikarudi kwa Mwalimu, nikakiri yote. Akacheka. "Ungeniambia nisifagie, ningesema mtoto huyu hakulelewa." Lakini nilipomwomba avikusanye vitu kwa majirani, kicheko kikakatika. "Aka! Kitu nimempa mtu kwa mikono yangu miwili, leo nikamnyang'anye? Heri niuze cherehani." Nikambembeleza wee, wapi. Nilikuwa karibu kulia, hasira kwangu mwenyewe.

Jirani yake, Mama Rehema, muuza dagaa, alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. "Kwani nani kasema virudishwe?" akadakia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mlete huyo meneja wako atembee nyumba kwa nyumba, anywe chai. Kama ana macho ataona."

Kesho yake nikamleta. Nyumba ya kwanza akapewa chai na viazi vitamu, na nje akaonyeshwa banda la kuku limeezekwa mbao laini za dari, zimevimba, zina doa la rangi ya chai. Nyumba ya pili akapewa maziwa ya mgando. Nyuma, juu ya jiwe, lilianikwa godoro la pamba. Meneja akaligusa kwa kidole, linaonekana kavu. Akaliminya kwa kiganja, maji yakachuruzika mpaka kwenye mkono wa suti. Kwa Mama Rehema akaletewa chai nyingine, na dirishani akaona mapazia mapya meupe, yana madoa.

"Hiki ndicho kitambaa cha kwaya?"

"Ndicho. Alipokuwa ananipa alilia," Mama Rehema akasema. "Usimwambie nimekwambia."

Meneja akaweka kikombe chini. "Mama," akaniita, "toa daftari. Andika vyote." Nikaandika huku machozi yananitoka, wala sikuona aibu.

Fidia ikalipwa. Cherehani ikabaki mahali pake, na Krismasi kwaya ikaimba imevaa nyeupe tupu. Meneja alialikwa, akakalishwa mbele kabisa na Mwalimu mwenyewe.

Tangu hapo nikapata maneno yangu, nikayatumia Mwanza nzima mpaka nastaafu. Baada ya shikamoo na pole nilisema, "Mama, kesho mimi si mgeni. Naomba unipokee kwenye uchafu huo huo." Wengine walicheka, wengine walininunia, lakini hawakufagia.

Sasa naishi Butimba, nyumba nimeikatia bima, kama inavyonipasa. Mwaka jana bomba la jikoni likapasuka nikiwa kanisani, nikakuta maji mpaka sebuleni. Nikatoa taarifa. Binti wa madai akanipigia, sauti changa: "Shikamoo mama, pole sana. Naomba usiguse kitu, nakuja kesho."

"Marahaba, mwanangu. Hayo nayajua," nikamjibu kwa maringo. Nikakata simu, na kutahamaki nimeshika ufagio. Loo! Mimi! Nikaurudisha pembeni, nikalala na dimbwi langu, nimemkumbuka Mwalimu Perpetua mpaka moyo ukaniuma.

Binti alikuja asubuhi, akavua viatu, akaandika zulia, akaandika kabati lililovimba miguu, akaandika makochi. Halafu akasimama mbele ya kiti kimoja katikati ya maji, kikavu, kimetandikwa kitambaa.

"Mama, na hiki?"

"Hicho usikiandike," nikamwambia. "Hicho ni chako. Kaa."