Sukari Chini ya Theluji

Binti yangu haendi mlimani bila kuniomba radhi. Kazaliwa hapa Birmingham, Kiswahili anakisikia tu na kunijibu Kiingereza, lakini hilo moja nilimkalisha akalishika: safari isiyo na radhi ya mama haina heri. Kumbe najitegea mtego mwenyewe.

Maana safari zake ni za kwenda kuteleza na mbao miguuni, huko Skotlandi, kwenye theluji isiyokanyagwa na mtu. Mara ya kwanza niling'aka kweli. Akaingia jikoni, akatandaza sukari kwenye sinia langu la biriani, akashindilia unga juu yake, akaliinamisha. Unga ukaporomoka wote kwa mpigo. Akanieleza kuwa theluji ya chini ikigeuka chembechembe kama ile sukari, ya juu haina pa kushikilia, na ikiporomoka humzika mtu. Ndiyo maana yeye na wenzake huchimba kwanza, wakakata kipande na kukigonga. Kikikatika upesi, hawapiti.

"Na sukari yangu je?" nikamwambia.

Jumamosi moja akanipigia simu ya video. Nilikuwa peke yangu, ghorofa ya juu kabisa, mtaani kwetu Ladywood. Nyuma yake walisimama wenzake wawili. Akanionyesha shimo, akaweka koleo juu ya kipande cha theluji, akaligonga kwa ncha za vidole tu. Tabaka la juu likachomoka, likateleza mpaka miguuni pake. Mwenzake mmoja akasema watapita pembeni, wametoka mbali. Binti yangu akanitazama.

"Mama, nipe radhi," akasema, kwa Kiswahili.

Yarabi, nilishikwa kote kote! Nikimpa, nimempeleka mimi. Nikimnyima naye akaenda, kaenda bila radhi, na likimfika la kumfika nitaishi vipi? Nilizunguka sebuleni na simu, nauma khanga, sina pa kutokea.

"Sikupi!" nikasema. "Nimeiona sukari kwa macho yangu. Leo sikupi, ng'o!"

Akawageukia wenzake, akawaambia kwa Kiingereza kuwa mama kakataa, na kwao mama akikataa hawendi. Wakacheka, wakamtania kitoto cha mama. Yeye akavua glavu afunge begi, nikaona zipu inamponyoka mara tatu. Kumbe mwanangu alikuwa anaogopa zaidi yangu, ila kukataa mbele yao hakuweza.

"Haya, radhi hiyo," nikamwambia. "Rudi nyumbani."