Miezi Mitatu Benchi la Nyuma

Wewe unasema rejista ya polisi, ile ya wanaonajisi watoto, inalinda watoto. Sawa. Halafu unasema ni kali mno, inamwandika mtu jina akabaki nalo kama kovu usoni. Sawa tena. Sasa nyamaza kidogo nikuambie ilivyokuwa kwetu Walthamstow, hapahapa London, maana mimi nilikuwepo, wewe ulisoma gazetini.

Mtoto wa mama mdogo alikuwa na miaka kumi na moja. Kila Jumapili minibasi ya kanisa ilipita kuchukua watoto, na dereva alikuwa kiongozi wa kwaya yetu, mtu wa kuchekacheka, kila mtoto anamwita anko. Jumapili moja huyu mdogo wangu akakaa kwenye ngazi na gauni lake la kanisani, hataki kwenda. Namuuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, ndiyo kawaida yao. Akaniambia anko anamshusha wa mwisho makusudi, na anachomfanyia kabla ya kumshusha. Sitakiandika. Niliamini neno la kwanza mpaka la mwisho.

Na usidhani mama mdogo alikuwa mzembe. Ghorofa ya chini aliishi mzee mmoja wa Kizungu, yeye na paka wake tu. Mtaa mzima ulishaamua ni mtu wa mambo hayo, ushahidi hakuna, vijana wakamvunjia dirisha. Mama mdogo alikuwa anavusha watoto barabara wasipite mlangoni kwake. Halafu anawavusha tena, awapandishe minibasi.

Nikamweleza mama mdogo yote, nikamwambia twende polisi. Akasema tuite wazee wa kanisa kwanza, ndivyo tulivyolelewa. Wakaja watano, wakajaa sebuleni, wakapewa chai.

"Binti yangu," mkubwa wao akaniambia, "unajua ndugu yetu akifikishwa polisi wanamfanya nini? Wanamwandika kwenye ile orodha. Akihama nyumba, aripoti. Kazi yake ya kuhudumia wagonjwa imekwisha. Ana mke, ana watoto wanne. Utawalisha wewe?"

"Angewakumbuka kabla hajafunga mlango wa gari."

"Mdomo huo! Ndiyo maana hujaolewa."

"Afadhali, mzee. Ningezaa, mtoto wangu naye mngempandisha minibasi."

Mama mdogo akanifinya paja.

Sikia. Hiyo sheria niliisoma mwenyewe maktaba, kamusi pembeni, katikati ya zamu mbili za kusafisha ofisi. Wazee hawakudanganya, ni kali kweli. Lakini huo ukali ndio uliowafunga midomo. Waliogopa jina lake litaandikwa. Mtoto hawakumuogopea chochote.

Jumapili iliyofuata wakamsimamisha anko mbele ya kanisa. Akalia machozi, kamasi, kila kitu. Mchungaji akasema anayemsamehe ndugu yetu asimame. Kanisa zima likasimama. Mama mdogo akasimama. Mimi nikakaa. Mdogo wangu akanitazama, akakaa na yeye. Na kwetu kosa likisamehewa namna hiyo limezikwa, anayelifukua ndiye mkosaji. Adhabu ya anko: miezi mitatu haimbi, haendeshi gari, anakaa benchi la nyuma.

Unajua nani anakaa benchi la nyuma kanisani kwetu? Watoto! Wanakaa pale karibu na mlango ili watoke kwenda shule ya Jumapili bila kusumbua watu wazima. Wazee watano, na mvi zao zote, wakaenda kumkalisha katikati ya watoto. Na hakuna aliyeliona hilo, maana tangu Kongo tulikotoka benchi la nyuma ni aibu, mtu anapelekwa kule basi, nani anageuka kuangalia amekaa na nani?

Mimi niligeuka. Nikapiga kelele mpaka kwaya ikakatika. "Mnamwadhibu au mnampa zawadi?" Wakanitoa nje, huyu kashika mkono, huyu kashika koti.

Siku ileile nikamchukua mdogo wangu mpaka kituo cha polisi. Askari wa kike alikuwa mpole, ila alitaka mama awepo. Mama mdogo akaja, akaangalia sakafu, akasema mtoto ana mawazo mengi, amechanganya mambo. Mtoto akamtazama mama yake, akafunga mdomo. Polisi walirudi kumuuliza tena na tena, hakufungua. Basi. Hakuna kesi, hakuna hukumu, na bila hukumu rejista haimjui mtu.

Miezi mitatu haikuisha, jamaa akahamia Hounslow, upande wa pili wa London, kanisa lingine. Nikampigia simu mchungaji wa huko.

"Dada," akaniambia, "sisi tumemkagua. Karatasi yake ya polisi imerudi safi kabisa, hana kosa. Wivu wenu wa kwaya uacheni hukohuko."

Wakampa funguo za minibasi.

Hiyo ndiyo rejista yako. Mzee wa paka alivunjiwa dirisha na hakuwa na kosa. Huyu ana karatasi safi. Na wale walioshika hiyo karatasi wakalala usingizi mzuri, maana serikali imesema.

Mdogo wangu yuko sekondari sasa. Haimbi. Hajawahi kuniuliza habari za polisi wala sheria. Juzi akaniuliza kitu kimoja tu, tena kwa Kiswahili, yeye ambaye hakiongei: "Kwa nini mama alisimama?"

Mimi mwenye mdomo huu wote nimelibeba swali hilo mpaka kwako. Basi mjibu wewe. Siku ile ungekuwepo, mchungaji anangoja, kanisa zima liko wima, wewe ungekaa?